Kina cha Mto

Kwa miaka tisa, kila asubuhi, Chausiku alimpigia Mbelwa simu ofisini kutoka kituo cha mtoni akamsomea kina cha maji. Hawakuwahi kuonana. Siku moja Mbelwa alimaliza kuchora kwenye kompyuta programu ya kupokea vipimo, vijisanduku vilivyounganishwa kwa mistari, na namba za kipimo cha mtoni zikaanza kuingia zenyewe, moja baada ya nyingine, kwenye kishikwambi chake.

"Basi sitakusumbua tena, kaka," Chausiku alisema simuni alipoambiwa.

Asubuhi iliyofuata namba zilifika kimya. Mbelwa alizitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akafuta mstari mmoja wa programu, kioo cha kishikwambi kikabaki kitupu, akapiga simu.

"Dada, mtambo umegoma. Nisomee."

"Subiri nishuke."

Akasikiliza kandambili za Chausiku zikikanyaga mawe kuelekea majini.