Mkono wa Ambakisye

Haya nilisimuliwa na wifi yangu juzi, tukichambua maharage. Ngano ya sasa haili kwa mizizi, inakula kwa majani tu, kila alfajiri. Na bomba la kunyunyizia mbolea hufunguka kwa kiganja cha mwenye shamba peke yake, kikiwa na joto.

Ambakisye aliugua ngano ikichanua. Mkewe, Sekela, akawa anambeba mgongoni hadi shambani.

“Umekuwa mwepesi, Baba Tusa. Nikupeleke hospitali.”

“Watoto wale nini? Ngano ikikosa siku moja, imekufa.”

Jioni moja vidole vyake vilianza kupoa. Sekela akaubana mkono ule kwapani. Mume akalala. Naye akasinzia, bado ameubana, kama kuku aliyeatamia.