Jiwe Lenye Homa

Haya, nijibu wewe: jiwe langu huona njaa, hushikwa na homa, na likiudhika hugeuka jeupe. Umeshindwa? Ni tumbawe.

Hapa Mkoani kila nyumba hulea lake ndani ya tangi, ni amana ya bahari mpaka itakapopona. Maji yakichafuka, wakaguzi wanakunyang'anya na kumpa jirani. Langu ni la zambarau, pana kama sinia. Maji yakipungua kwa joto naongeza ya mvua matupu, maana chumvi hairuki na mvuke. Na moshi wa aina yoyote ni mwiko.

Kwa hiyo siku ya harusi ya mjukuu wangu Raya, udi tulimfukizia nyumba ya pili. Mashoga zake wakanicheka. "Bibi, unapenda jiwe kuliko mjukuu."

"Mjukuu leo kapata mume," nikawaambia. "Jiwe lina mimi tu."

Vigelegele vikiwa vimepamba moto, akaingia mkaguzi, Bi Mize. Akachota maji, akayapima, akayapima tena.

"Bibi, pwani yote hii sijaona maji safi kama haya."

Ungeniona, ungedhani bibi harusi ni mimi.

"Basi tunalirudisha lini baharini?" nikamuuliza.

Alikula pilau, akamtuza Raya, akaaga. Nikamshika mkono mlangoni, nikamuuliza tena.

Akalitazama tangi, si mimi. "Hatulirudishi, bibi. Bahari iliyobaki ni hiyo uliyonayo sebuleni."