Dawa ya Getini

Ligi ya porini ilifika mechi ya mwisho, na timu ya Swala ilihitaji sare tu isishuke daraja. Nahodha Swala alikuwa akiwapanga wenzake nje ya uwanja wa Fisi, mara Kasuku akamjia mbio.

“Fisi wamefukia dawa kwenye geti la uwanja wao!”

“Jamani, turuke ukuta!” Swala akawahimiza wenzake.

Wakaruka wote, akabaki kipa wao, Kobe.

“Nahodha, nipite getini?”

“Utuletee nuksi? Zunguka, utafute tundu!”

Kobe alikuwa bado anazunguka Fisi walipofunga bao la tatu.

Mpira ulipokwisha, Swala akamwuliza Fisi, “Mlifukia nini pale?”

Fisi akaangua kicheko. “Hatukuchimba hata shimo. Tulimnong’oneza Kasuku, basi.”