Vidonge vya Kilama

Kidonge cha kwanza kilidondoka Aber alipokung'uta kitenge cha mkwewe. Akakiokota. Akapapasa pindo, akasikia vingine, akakata uzi kwa meno. Vilikuwa sita, vya rangi ya kahawia, vilevile ambavyo Dokta Danieri wa zahanati alimwandikia mwanawe Kilama: kimoja kila asubuhi mpaka viishe.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba.

Alikuwa na siku mbili tu hapa Bwera. Barua ilimfikia Gulu kwamba Kilama, askari wa forodha pale Mpondwe, ana malaria isiyosikia sindano, na sasa macho yamekuwa ya manjano na mkojo mweusi kama kahawa. Aber akapanda basi hata bila kufunga banda la kuku. Alimkuta amekonda, lakini anakaa, anakunywa uji, anacheka. Akazishukuru dawa za Danieri. Kumbe mwanamke huyu wa Butembo alikuwa anampokonya mgonjwa dawa mdomoni, na nani asiyejua kwamba ng'ambo ya mpaka, tangu vita ya waasi, kidonge kimoja ni mali sokoni?

Mkwe mwenyewe, Kaswera, akaingia na ndoo ya maji kichwani. Aber hakungoja aitue.

"Simama hapo. Hii nini?"

Alikuwa mjane wa askari, Kiswahili chake alikijulia kambini, nacho hakikujua kubembeleza.

Kaswera aliviona vidonge, akaishusha ndoo polepole. "Mama, unisikilize kwanza. Mimi siko muizi."

"Nani nashona ndani ya nguo? Panya?"

"Ni mimi. Lakini kwa dokta nilienda, mama. Akanifukuza."

"Ulienda kuomba zingine, uuze."

"Mwache, mama," Kilama alisema kutoka kitandani, kwa lugha ya kwao. "Kaswera ndiye aliyeniuguza."

Aber alimwonea uchungu. Amelishwa nini mtoto huyu hata asione anayemla?

Hakujibizana naye. Alibeba vitu vya Kaswera, nguo, sufuria na mkeka, akavitupa barabarani. Majirani wakatoka kutazama. Hakuna aliyemzuia, maana mwizi wa dawa ya mgonjwa nani atamtetea?

Kaswera akapiga magoti vumbini. "Nakwenda, mama. Lakini ile dawa usimupe. Dokta alichukua damu yake, ungoje kwanza barua. Ile dawa iko inamuua."

Majirani wakaguna. Aber alicheka kicheko kikavu, akachukua kidonge kimoja, akakiinua wakione wote, akakimeza bila maji. Kwao mtu hampi mgeni pombe kabla ya kuionja mwenyewe kuonyesha haina sumu, na hapa pia watu waliijua desturi hiyo.

"Nangoja," akasema, mikono kiunoni. "Nakufa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Hapo hata aliyekuwa na shaka akaona mwongo ni nani. Kaswera alikusanya vitu vyake, akashika njia ya Mpondwe kwa miguu. Kilama alijaribu kusimama amfuate, miguu ikamkataa, akaanguka mlangoni. Aber akamnyanyua kama mtoto, huku akimtukana mwanamke yule na ukoo wake wote.

Kesho yake aliamka mzima, hata kichwa hakikumuuma. Akaanza kazi. Vilivyoibwa lazima virudi, kwa hiyo alimpa Kilama viwili badala ya kimoja, vya pindo na vilivyobaki katika kopo la dawa, kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya pili macho yakawa ya manjano tena. Siku ya tatu mkojo ukawa mweusi kuliko ule wa kwenye barua. Mgongo ukamuuma, pumzi ikawa fupi. Aber alijua kabisa ni nini: sumu aliyolishwa na Kaswera ilikuwa inapigana na dawa.

"Sitaki tena, mama," Kilama akasema.

"Meza."

"Nachoka."

"Umechoshwa na yule malaya. Meza." Alimshika taya, akamtilia maji, akangoja mpaka koo lishuke. Akienda kisimani aliwaambia majirani waziwazi: mwanangu akifa, nitavuka mpaka na panga.

Siku ya tano, saa sita mchana, Danieri alifika kwa baiskeli, shati limelowa, karatasi mkononi. Aber alimpokea mlangoni.

"Mama, acheni vidonge," Danieri alisema hata kabla ya salamu. "Majibu ya damu yametoka Kampala. Watu wengine vinawaponya, Kilama vinamvunja damu. Amezaliwa hivyo. Mtoto wa kiume huipata hali hiyo kwa mama yake, na mama mwenyewe anaweza kuvimeza asisikie kitu."

Aber akashika miimo yote miwili ya mlango.

"Mkewe alikuja kuniambia vinamuua mumewe. Nikamwuliza amesomea wapi udaktari, nikamtoa nje. Njiani nilihesabu siku tangu nimwandikie, mama. Kama angempa vyote nilivyoandika, tungekuwa tumezika. Alivificha, sivyo? Mwite. Nataka nimwombe msamaha mbele ya mumewe."

"Hayuko."

"Basi nimwone Kilama."

Aber alibaki ameziba mlango kwa mwili wake.

"Yeye nalala," akasema. "Nalala tangu asubuhi, ile saa nilimpa mbili ya mwisho."