Mgongo wa Carlos

“Papa mwandishi, niko na swali juu ya ile kamba.”

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa amesimama safu ya tatu, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, mtaani Mapendo. Aliitwa Clotilde, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mkimbizi wa Rutshuru aliyefika Goma miezi miwili tu iliyopita. Wenzake walikuja na vitabu vyao ili vitiwe sahihi. Yeye alikuja na maswali.

Mwandishi, Wenceslas, alitabasamu kama mtu aliyekalia msumari.

Kitabu chenyewe kilikuwa kurasa mia na kumi za fotokopi, zimebanwa kwa pini, na jina lake *Mgongo wa Carlos*. Nusu ya wanawake wa Mapendo walikuwa wamekisoma, nusu nyingine walikuwa wamesimuliwa. Vita vinafika Kiwanja. Carlos anakimbilia msituni na mpenzi wake Bénita. Bénita anavunjika mguu, na Carlos anambeba mgongoni siku nne, wenye silaha nyuma yao, nyati mbele yao, mpaka wanaziona taa za Goma. Ukurasa wa mwisho, risasi inampata Carlos mguuni. Na kwa kuwa Wenceslas mwenyewe alikimbia Kiwanja mwaka ule wa vita, na mguu wake wa kushoto ulikatwa alipofika Goma, hakuna aliyehitaji kuambiwa Carlos ni nani. Hata sokoni walimwita Papa Carlos, naye aliitika.

Aibu yake ilianzia hapo. Mara ya kwanza aliitika kwa mzaha, mara ya pili kwa mazoea, na baadaye hakujua tena namna ya kukataa. Katika msitu ule Wenceslas hakumbeba mtu yeyote. Hata mfuko wa unga hakubeba. Watu wawili tu duniani walijua hivyo, na wa pili alikuwa ameketi safu ya nyuma, kitambaa cha kichwa amekishusha karibu na nyusi. Huyo ni Kahindo, mke wake, mshonaji, ambaye hajawahi kukifungua kitabu kile.

“Ile habari naijua,” alimwambia siku kilipotoka, akaendelea kushona. Hakukitaja tena, na kimya chake kilimchoma mumewe kuliko matusi. Watu walisema ana wivu na Bénita, mpenzi wa zamani. Wenceslas aliwaacha waseme.

“Kamba gani, mama?” akauliza.

“Uliandika Carlos alibeba Bénita na kamba ya kichwa, vile tunabebaka makala. Kwetu banaume habebake vile. Ile ni kazi ya banamuke.”

Ukumbi ukacheka. Clotilde alikuwa na haki ya kulisemea jambo hilo, maana paji lake la uso lilikuwa na mfereji wa kamba tangu usichana wake.

“Mapenzi yanafundisha, mama,” Wenceslas akajibu, na wakampigia makofi.

Clotilde akangoja makofi yaishe. “Tena, juu ya nini Carlos anaonaka nyuma tu? Anaona moshi ya Kiwanja, anaona nyayo mu matope. Kwenye banaenda, haoni kitu.”

“Si maadui wako nyuma yao!” mmoja akadakia.

“Na ule Bénita, analia tu!” akaongeza Vanessa, msichana wa kwaya. “Kurasa mia, analia! Ningekuwa Carlos ningemutupa!”

Wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Masikio ya Wenceslas yaliwaka moto. Akajilazimisha kucheka pamoja nao, akajichukia kwa kicheko hicho.

Clotilde peke yake hakucheka. “Papa, mbele ya Mungu. Kweli ulibeba ule mutu?”

Wenceslas alijua kwamba neno moja fupi lingetosha. Alikuwa nalo ulimini miaka minane, na sasa lilipoitwa likakataa kutoka. Akatazama safu ya nyuma kama mtoto aliyevunja chungu anavyomtazama mama yake.

Kahindo alikuwa amekwisha kusimama. Njia ya mwongo ni fupi, Wenceslas akawaza, na yangu imeishia hapa.

“Miye nilikuwa mule mu pori,” Kahindo akasema. “Bénita alibebwa siku ine, akafika muzima. Mwenye haamini, akuye aniulize miye.”

Vigelegele vikapasuka. “Kumbe Bénita ni wewe!” Wakamzunguka, wakamkumbatia, na Vanessa akaomba msamaha huku machozi yakimtoka. Kahindo hakukubali wala hakukana. Kule mezani Wenceslas aliinamisha kichwa, akaanza kutia sahihi. Alikuwa ameokolewa mbele ya watu wote, na katika maisha yake hakuwahi kujiona mdogo namna ile.

Ukumbi ulikuwa na joto. Kahindo akasukuma kitambaa juu apanguse jasho, na Clotilde, aliyekuwa amesogea karibu, akaona kovu pana limekata paji lote la uso, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akaligusa paji lake mwenyewe. Kisha akamtazama mwandishi pale mezani, na magongo yake mawili yaliyoegemezwa ukutani.

“Mama,” akanong’ona, “alikuwa na kilo ngapi?”

“Kilo septante, sabini nzima,” Kahindo akajibu, akikirudisha kitambaa chake mahali pake. “Na alilia njia yote.”