Mgeni wa Chumba cha Mchana

Sura ya Kahaso ilikwama kwenye skrini, mdomo wazi, kidole hewani, sauti yake ikaendelea bila yeye. "Waheshimiwa, mteja wangu hakupewa ilani..." Kisha sauti nayo ikafa.

Lynnette aliipeleka kompyuta dirishani, akaigeuza mlangoni, akapanda nayo kitandani. Mwanamke mzima, mwalimu wa sheria, amesimama juu ya godoro la hoteli akiubembeleza mtandao.

Ndege yake ya kurudi Nairobi ilikuwa imeahirishwa asubuhi, akachukua chumba hapo Magongo, karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu umeme wa eneo zima ulikuwa umekatika na hoteli ilikuwa na jenereta. Leo wanafunzi wake walikuwa wakitetea kesi za mfano mbele ya jopo la chuo kwa video, na kanuni ilitaka mwalimu awepo mwanzo hadi mwisho. Yeye au mtahiniwa akipotea kwa dakika tano, mtihani umekufa. Fancy na Brandon walikuwa wamemaliza salama. Amebaki Kahaso, aliyeanguka mara mbili, na hakuna anayeruhusiwa mara ya nne.

Lynnette alimpenda kijana huyo na hakuficha. Kahaso alisoma baada ya zamu ya kiwandani, macho mekundu, na hakukosa darasa la mtandaoni hata moja. Asubuhi alikuwa amemwandikia: "Mwalimu, kwetu Mikindani umeme hakuna tangu jana. Usitie shaka, nimepata mahali."

Picha ilirudi, ikakwama tena. Lynnette alishuka mapokezi mbio, kompyuta kifuani.

"Dada Mwanasaumu, nisaidie. Mtandao unaniua."

"Pole, dada'angu. Mtandao wetu ni mmoja, na kuna mtu auvuta wote. Yule wa juu, wa chumba cha mchana."

Lynnette aliwajua wageni wa vyumba vya mchana, vile vya kukodi kwa saa. Huingia wawili wawili jua likiwaka, hufunga pazia, na jioni huondoka mmoja mmoja.

"Anafanya nini huko?"

"Wallahi sijui. Kasema asigongewe mlango na mtu. Mimi naona ni video tu, mfululizo."

"Basi mkatie."

"Ni mgeni yule, dada. Naye ana haki yake."

"Na mimi nina maisha ya mtu hapa mkononi. Starehe zake zitangoja. Nusu saa tu, nakusihi."

Mwanasaumu alimtazama, akaona machozi yanamlengalenga. Akavuta kiti, akabonyeza kwenye kompyuta ya kaunta.

Papo hapo mtandao ukafunguka. Lynnette aliwaona wanajopo wote watatu, safi kabisa, mmoja akifuta miwani. Alitaka kumkumbatia Mwanasaumu pale pale.

Kisanduku cha Kahaso kilikuwa cheusi.

"Mtahiniwa ametoka," mwenyekiti alisema. "Mwalimu, muda unahesabiwa."

Lynnette alimpigia simu. Ilikuwa imezimwa, kama alivyowafundisha mwenyewe kuzima kila waingiapo mtihani. Akapiga tena, akijua ni bure. Akamwandikia kwenye kundi la darasa, akamwandikia pembeni. Ujumbe haukufika.

"Waheshimiwa, nawaomba. Kwao umeme una matatizo. Ni kijana mzuri."

"Tunajua, mwalimu. Lakini kanuni ni hizo hizo kwa wote."

Hakuwa na la kufanya. Alisimama mbele ya kaunta akikitazama kisanduku kile, mtandao sasa ukiwa mwingi na hauna kazi. Mwanasaumu alimletea maji na hakuyagusa.

"Mtihani umefungwa," mwenyekiti alisema, naye alionekana kusikitika kweli. Uso wake ukatoweka.

Vishindo vikasikika ngazini. Mgeni wa juu alikuwa akishuka mbio, bila shaka kuja kugomba, na Lynnette aligeuka, tayari kummiminia uchungu wake wote.

Mgeni alikuwa amevaa koti jeusi, shati jeupe na tai, chini kaptura na miguu mitupu, kompyuta imefunguliwa mikononi.

"Mwalimu," Kahaso alisema akihema, "kumbe uko hapa. Tafadhali waambie wanisubiri, kuna mtu amenikatia mtandao."