Kipande Kisicho na Herufi

"Disiki haiko," alisema fundi Tuyizere, akiwa amepiga magoti nyuma ya kompyuta. "Mashini inawaka, lakini inasema haioni disiki hata moya."

Mama Kanyere alishika kifua. Ndani ya disiki hiyo zilikuwamo picha zote za mumewe, Katembo, aliyefariki Goma miezi minane iliyopita, wakati mji wao wote wa Sake ulipokuwa umekimbilia huko kwa sababu ya vita. Zile za karatasi zilikwenda na wezi waliokuta nyumba tupu. Mwanawe, Mumbere, anasoma Kampala na hupiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Siku sita zilizobaki mama huyu alizimaliza mbele ya kompyuta, akimtazama mumewe na kumsimulia bei za sokoni. Tusimcheke. Wako wanaoongea na paka.

"Uliibeba namna gani kutoka Goma?"

"Ku chukudu."

Tuyizere aliguna. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala huruma, na barabara ile ni mawe matupu. Akafungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa waya wa disiki na kuurudisha mpaka ukakaa sawasawa. Akawasha tena.

Katembo akatokea kwenye kioo, amevaa shati jeupe, anacheka. Mama Kanyere akalia bila kujificha.

"Nyamaza, Mama. Papa iko." Lakini Tuyizere mwenyewe alikuwa amekunja uso. "Ila iko kitu moya. Hii disiki ni ya giga mia tano, na mashini inaonyesha mia ine tu. Papa aliikata vipande mbili. Kile ya pili aliitosha letre, ile herufi yake, njo maana haukuionaka."

"Alikificha?"

"Mutu anatoshaka letre juu ya kuficha, ndiyo. Lakini aliipatia jina. Kambale."

Mama Kanyere alikaa chini polepole.

Kwa Wanande, kabila la Mama Kanyere na mumewe, jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku. Wa pili ni Kambale. Ukifika wa tano ni Katembo, kama marehemu mwenyewe. Tuyizere, mtu wa milima ya Masisi, hakuyajua hayo. Kwake Kambale lilikuwa jina tu, kama la jirani yeyote.

"Mulizalaka batoto bangapi?" aliuliza, akifuta vumbi mikononi.

"Moya njo Mungu aliniachia."

Moyo wake ulikuwa umeshafika Walikale, kule msituni. Huko ndiko walikoishi miaka ya kwanza ya ndoa, kabla ya kuja kufungua duka Sake. Na kila mwezi wa Machi Katembo alirudi kule peke yake, hata ule mwaka ambao magari yalilala kwenye matope wiki nzima. Nafuata mawese, alikuwa akisema. Mara nyingine alirudi bila hata kidumu kimoja. Majirani walimtania juu ya mwanamke wa msituni, naye Kanyere alicheka nao, kwa sababu alimwamini mume wake. Sasa huyo mwanamke alikuwa amezaa mvulana, na Katembo, mwenye mkono mzito wa kuandika, alikuwa ameketi hapa hapa kwenye meza hii akamhesabu mtoto wa nje kuwa wa pili wake.

Wivu juu ya mtu aliyekufa ni kazi ya bure. Huna wa kumfokea, huna wa kumnyima chakula.

"Ifute," alisema.

"Mama, ngoja nifungue kwanza tuone..."

"Usinifungulie! Sitaki kuona sura yake."

"Haisumbue kitu. Tunaweza kuiacha tu pale."

"Nimesema ifute. Na si ile ya haraka. Futa ile ya kabisa, yenye hata fundi mwingine hatairudisha."

Tuyizere alikuna kichwa. Alikipa kile kipande herufi, akakichungulia ili ahakikishe ndicho chenyewe, kisha akauliza mara ya mwisho kwa macho. Mama Kanyere alikuwa ameshageuka kwenda jikoni. Akabonyeza.

Ilichukua nusu saa. Mama Kanyere alileta chai, akasahau sukari, akarudi kuifuata. Alisimama mlangoni akitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo, na alikuwa mpweke kuliko siku ile ya mazishi, maana siku ile alikuwa bado na mume wa kumlilia.

"Imeisha," alisema Tuyizere. "Haiko tena kitu."

Alikunywa chai yake, akaanza kukusanya bisibisi. Mama Kanyere alipigana na ulimi wake, ukamshinda.

"Ulimuona? Ule mutoto. Anafanana na Papa?"

"Hapana, Mama, hamukuwa hata foto moya. Ni barua tu. Sikuzisoma, niliona majina." Tuyizere alifunga mkoba wake. "Zilikuwa kumi na moya. Ya kwanza iliitwa Mwaka moya, ya kufuata Mwaka mbili, vile vile mpaka Mwaka kumi na moya. Na kila mwaka aliipatiaka barua tarehe moya tu, kumi na ine ya mwezi ya tatu."

Mama Kanyere aligeukia kompyuta.

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, huko Walikale, alizaa mvulana wake wa pili, ambaye hakulia. Mkunga alimfunika kitenge, wakamzika kule kule, mama mkwe akasema mfu hahesabiwi, na Katembo akanyamaza.